Birika Kizimbani

Sehemu ya Saba

Tulipoachana, nyundo ilikuwa hewani.

Bado iko hewani. Mwenyekiti wa mtaa ameinyanyua kwa mikono miwili, macho ameyafumba, mashavu ameyajaza upepo. Chini yake, juu ya meza ya ukumbi, limekaa birika la buluu la vikombe ishirini, mdomo mrefu kama shingo ya bata.

"Ndiyo, dada, nyundo iko juu," Bi Redio anasema kwenye simu. Dada yake anaishi mtaa wa pili na hataki kupitwa na kitu. "Hapana, haijashuka. Usikate."

"Bi Redio, zima hiyo simu!" Mwenyekiti akafoka bila kufumbua macho.

"Nitazima ukishapiga."

Mwenye birika alikuwa hatua tatu tu kutoka mezani, na watu wawili walikuwa wamemshika mikono. Mtaa mzima unamwita Mama Birika. Birika hilo aliachiwa na mama yake mzazi. Kwa miaka kumi na mmoja amelitumia kuwachemshia chai watoto wa chekechea kila asubuhi, na hajawahi kuchelewa hata siku aliyoumwa jino.

Sasa watoto wawili wa chekechea wamekutwa na madini ya risasi kwenye damu. Si risasi ya bunduki, wasomaji wangu. Ni yale madini mazito ya kijivu ambayo yakiingia tumboni mwa mtoto yanamla akili taratibu bila kupiga hodi. Muuguzi alisema bado ni kidogo, watapona, ila kinachowalisha sumu kipatikane upesi. Na mmoja wa watoto hao ni mjukuu wa Mama Birika mwenyewe.

Idara ya maji ikamtuma mtaalamu. Mtaalamu akaja na kihisi cha kemikali, kidude cha ukubwa wa simu chenye waya, na kwenye ncha ya waya ulimi mwembamba kama wa mjusi. Ulimi huo unaonja maji. Ukikuta risasi, kidude kinapiga kelele tii! tii! tii! na hakinyamazi mpaka ulimi usuuzwe kwa maji safi na kitufe kibonyezwe. Mama Birika alikibatiza jina siku ya kwanza. Alikiita Mbea.

Mtaalamu mwenyewe ni nani? Ni Bi Vipimo, mke wa mwanawe, mama wa yule mjukuu.

Bi Vipimo alipima mabomba ya nyumba zote arobaini. Mbea kimya. Asubuhi hii, mbele ya mkutano, akamchovya Mbea kwenye birika lililojazwa alfajiri. Mbea nusura avunje madirisha.

Ndipo Mwenyekiti akaomba nyundo. Na aliyemletea nyundo ni nani? Ni Mzee Spana, fundi bomba mstaafu, mume wa Mama Birika, aliyelala naye kitanda kimoja miaka thelathini na sita.

"Piga tu, Mwenyekiti," Mzee Spana alisema. "Piga watu waende nyumbani."

Mama Birika hakuamini masikio yake. Birika likivunjwa leo, kesho hakuna atakayesema birika lilikuwa na sumu. Watasema Mama Birika aliwanywesha watoto sumu. Na mjukuu wake atakua akilisikia hilo.

"Moja!" Mwenyekiti akahesabu. "Mbili!"

Nyundo ikashuka.

Ila ulishuka mpini peke yake. Kichwa kilikuwa kimelegea tangu mwaka juzi. Kikachomoka, kikaruka nyuma juu ya vichwa vya watu, kikatua ukutani kwenye picha kubwa ya Mwenyekiti akikata utepe siku ya kuzindua koki mpya za mtaa. Kioo kikamwagika chini. Mpini nao ukagonga birika, tok.

Mwenyekiti akafumbua jicho moja.

"Dada, amepiga," Bi Redio akatangaza. "Hapana, birika zima. Amejivunja mwenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mama Birika akajikwanyua, akalikumbatia birika lake kama mtoto aliyeokotwa barabarani.

"Nitaleta nyundo nyingine," Mzee Spana akasema akiinuka.

"Kaa chini, wewe!" mkewe akamkemea. "Leo nimekujua."

Mzee Spana akakaa. Kofia akaivua, akaishika magotini, akaikunja na kuikunjua.

Bi Vipimo akasogea mezani. Koti lake jeupe lilikuwa na doa la kalamu mfukoni, na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mwenyekiti," akasema, "Mbea amelia kwenye maji yaliyomo ndani ya birika. Sijajua bado kama tatizo ni birika au ni maji. Nipe muda nipime vyote viwili."

"Tofauti ni nini?"

"Ukila wali ukaumwa tumbo, unachoma sufuria?"

"Inategemea nani kapika," akasema Bi Redio.

Mwenyekiti alitaka kukataa, lakini kicheko cha nyundo kilikuwa bado kinamuwasha masikioni. Akafungua daftari la mkutano.

"Sawa. Lakini mshtakiwa asaini kwamba amekubali jaribio. Sitaki lawama."

Mama Birika akachukua kalamu. Hakuandika jina. Alichora kibirika kidogo chenye mdomo mrefu, na juu yake mistari mitatu ya mvuke.

"Hii nayo saini?"

"Ndiyo saini yangu tangu nilipoingia kamati ya mapokezi. Kila mzigo ulioingia mtaa huu una kibirika changu."

Mzee Spana alipaliwa na mate. Akakohoa mpaka akapigwa mgongoni.

Kazi ikaanza. Bi Vipimo alimimina maji ya birika kwenye jagi, akamchovya Mbea. Tii! tii! tii! Akamsuuza ulimi, akambonyeza. Kisha akaliosha birika na kulijaza kwa maji ya chupa aliyokuja nayo kutoka maabara, akayaonja kwanza kwa Mbea mbele ya watu wote. Kimya. Kwenye kioo cha Mbea, sifuri.

"Sasa tuyachemshe humo humo, kama Mama anavyochemsha kila siku. Kama birika linatoa risasi, itatoka hapo."

Birika likawekwa kwenye jiko la mkaa pembeni ya meza. Likaanza kuguna, likaimba, likatoa mvuke. Halafu ikabidi lipoe, na hakuna kitu kinachochosha duniani kama kungojea birika lipoe. Watu wakalizunguka wakilipepea kwa kanga, kwa kofia, kwa daftari la mahudhurio.

"Dada, bado tunapepea," Bi Redio akaripoti. "Ndiyo, Mwenyekiti naye anapepea. Hapana, hana pumzi."

"Mama," Bi Vipimo akanong'ona, "na kama akilia?"

"Atalia kwa sababu ni mbea, hiyo ndiyo tabia yao."

"Mama, mimi sisemi kwa ubaya. Ni mwanangu yule."

Mama Birika akaacha kupepea. "Najua, mwanangu. Ndiyo maana sijakuzaba kofi."

Maji yakapoa kiasi. Ulimi wa Mbea ukazama polepole.

Dakika moja.

Dakika mbili.

Kimya. Sifuri!

Vigelegele vikapasua paa. Bi Redio aliruka, simu ikamponyoka, ikaangukia ndani ya ndoo ya deki, akaitoa ikiwa bado inaongea. Mama Birika alilibusu birika kwenye kifuniko, akaunguza midomo kidogo, akalibusu tena.

"Ngojeni!" Mwenyekiti akapaza sauti. "Ngojeni kwanza! Rudisheni yale maji ya jagi kwenye birika. Kidhibiti cha kesi kikae kwenye chombo chake. Sheria ni sheria."

"Sheria gani?"

"Nitaitafuta. Rudisheni."

Ya maabara yakamwagwa, ya jagi yakarudishwa. Hapo Mwenyekiti akatembea kuzunguka meza, mikono nyuma, kama mtu aliyeona sinema nyingi za mahakama.

"Birika ni safi?"

"Ni safi," Bi Vipimo akajibu.

"Na mabomba ya nyumba arobaini ni safi? Ni daftari lako mwenyewe, au nakusingizia?"

"Ni... ni safi."

"Bomba safi. Birika safi. Lakini maji yaliyotoka kwenye bomba yakaingia kwenye birika yana sumu." Akasimama. Kidole kikapanda. "Basi njiani yalipita mikononi mwa nani?"

Hata Bi Redio aliishusha simu.

Wasomaji wangu, mnaona jinsi mtu anavyochimbiwa shimo? Dakika moja iliyopita lilishtakiwa birika. Sasa ni mama mtu mzima anaambiwa mbele ya majirani zake kwamba anawatilia watoto sumu kwenye chai.

Mama Birika akageuka. Akamtafuta mumewe kwa macho. Mzee Spana alikuwa anatazama kofia. Akamtafuta mkwewe. Bi Vipimo alikuwa anatazama daftari, anapindua kurasa mbele, anazipindua nyuma.

"Mkwe. Hata wewe?"

"Mama, sijui niseme nini. Hapa kwenye bomba lako nimeandika sifuri. Kwa jirani sifuri. Wote sifuri."

"Basi kapime tena! Koki ya jikoni hiyo hapo, na jiko lilikuwa limefungwa tangu jana jioni, ufunguo anao Mwenyekiti. Pima watu wakuone, mtu asiseme nimetia mkono."

Wakajazana mlangoni mwa jiko la ukumbi. Koki mpya ilikuwa inang'aa juu ya sinki, ile ile ya utepe, pacha wa zilizofungwa katika kila nyumba miezi miwili iliyopita. Bi Vipimo akaweka glasi chini yake, akashika koki.

Mkono wa Mama Birika ukaruka wenyewe, ukaushika wa mkwewe.

"Weee! Yaache yatiririke kwanza! Utamkingia Mwenyekiti maji yaliyolala kwenye bomba? Hata kama ni adui, ni mgeni wa jikoni."

Bi Vipimo akaganda.

"Mama, umesemaje?"

"Nimesema yatiririke kwanza. Mama yako hakukufundisha?"

"Siku ile nilipokuja kupima kwako, uliniambia nisubiri mlangoni."

"Ndiyo. Nilifungulia maji yakaenda yakaenda, nikasuuza glasi mara tatu, ndiyo nikakupa. Wewe ni mkwe, si mbuzi."

"Na birika, asubuhi? Unalijazaje?"

"Saa kumi na moja, kabla jogoo hajakohoa. Naweka chini ya koki, nafungua, najaza, naondoka."

"Bila kuyaacha yatiririke?"

"Ya nini? Birika si mgeni."

Bi Vipimo akageukia umati, macho yametoka kama kaona jini likipiga mswaki.

"Jamani! Katika nyumba arobaini nilizopita, nani alinipa maji ya kwanza kutoka kwenye bomba? Ya kwanza kabisa, bila kuyafungulia?"

Wakatazamana.

"Mimi nilifungulia mpaka ndoo mbili zikajaa," akasema mama mmoja. "Mtu wa serikali, nimpe maji ya juu juu?"

"Mimi nilifungulia, nikapiga deki, nikarudi, ndiyo nikakukingia."

"Mimi nilikutilia na limau," akasema Bi Redio. "Ukayamwaga. Niliumia sana."

Nyumba arobaini, na zote arobaini zilikuwa na adabu. Adabu hiyo ndiyo iliyomdanganya Mbea.

"Mama, toa mkono," Bi Vipimo akasema taratibu.

Akafungua koki, akakinga tone la kwanza mpaka glasi ikajaa, akafunga. Ulimi wa Mbea ukazama.

TII! TII! TII!

Watu wakarudi nyuma wakikanyagana vidole. Bi Vipimo akamsuuza Mbea, akamnyamazisha. Akafungua koki tena, akaacha maji yamwagike kwenye ndoo. Bi Redio, kwa kutopenda kimya, akamsomea dada yake muhtasari wa habari zote tangu asubuhi. Alipofika kwenye kichwa cha nyundo kwa mara ya pili, Bi Vipimo akakinga glasi nyingine.

Kimya. Sifuri.

"Koki ile ile, bomba lile lile," Bi Vipimo akasema. "Maji ya mtaa ni safi. Ubaya uko kwenye koki mpya. Chuma chake kimechanganywa na risasi. Maji yakilala humo usiku kucha, yanainyonya kama yanavyonyonya majani ya chai. Asubuhi anayefungua wa kwanza ndiye anayebeba yote. Wa pili hapati kitu."

Waliporudi ukumbini, Mama Birika akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

Anayefungua wa kwanza.

Yeye ndiye aliyekuwa akiamka wa kwanza. Alijinyima usingizi ili watoto wapate maji ambayo hakuna mtu aliyeyagusa. Alikuwa akijisifia hilo hata kwenye maombi yake.

Bi Vipimo akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, hukujua. Mimi nimesoma na sikujua. Kuanzia kesho yafungulie kwanza mpaka koki hizi zing'olewe. Mtoto atapona. Watapona wote wawili."

"Birika langu ni safi," Mama Birika akasema, kama anayejaribu kuamini.

"Birika lako ni safi, Mama."

"Sema kwa sauti, dada yake Bi Redio asikie."

"BIRIKA LA MAMA NI SAFI!"

"Amesikia," akasema Bi Redio. "Analia huko."

Kisha macho yote, bila kuambizana, yakahama. Yakaenda ukutani, kwenye picha iliyovunjika. Kutoka kwenye picha yakamwendea mwenye picha.

"Nani alituletea koki?" sauti ikauliza.

"Mimi nilikata utepe tu!" Mwenyekiti akarudi nyuma mpaka akagota mezani. "Utepe tu! Mkasi wenyewe niliazima! Mzigo ulipokelewa na kamati, ukakaguliwa, ukasainiwa. Sanduku lilikuwa na karatasi yake. Itafuteni! Aliyesaini kwamba koki ni nzuri ndiye atakayesimama hapa, mahali pa birika!"

"Kweli! Karatasi! Karatasi iletwe!"

"Sanduku linatunzwa na nani?"

"Si fundi? Si Mzee Spana aliyezifunga?"

Wakageukia kiti chake. Kitini ilikuwepo kofia, imekunjwa mara nne. Mzee Spana hakuwepo.

"Na birika?" akapiga kelele Bi Vipimo.

Meza ilikuwa tupu! Birika lilikuwa limeondoka na maji yake ya alfajiri. Na Mbea, ambaye Bi Vipimo alikuwa amemweka pembeni ya birika ili amshike mama mkwe mikono, naye hayupo.

"Mwizi!" Mwenyekiti akapumua kwa mara ya kwanza. "Funga milango! Kidhibiti kimeibwa!"

"Dada, birika limetoroka," Bi Redio akasema kwa sauti ya chini, kwa heshima.

Na hapo, kwa mbali, kama panya aliyemeza filimbi, ikasikika:

Tii... tii... tii...

Mama Birika alikuwa wa kwanza kusikia. Masikio yake yamezoea kusikia birika likianza kuchemka kutoka uani. Wakati wengine wanachungulia chini ya viti na Mwenyekiti anapekua mfuko wa mama asiyehusika, yeye akajipenyeza ukumbini mpaka nyuma ya jukwaa, kwenye kichumba cha mifagio.

Akafungua mlango.

Mzee Spana alikuwa amekaa sakafuni, kati ya ndoo na madeki, amelikumbatia birika, tambara la deki kichwani. Mbea alikuwa ameangukia ndani, waya unaning'inia nje kwenye mdomo, na anapiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Huyu anazimwaje?" Mzee Spana akanong'ona, jasho likimtoka. "Nimembembeleza, nimempiga, hasikii!"

"Mzee! Birika langu unaliiba?"

"Ingia, funga mlango."

"Tangu asubuhi unataka livunjwe! Umeleta nyundo kwa mkono wako! Miaka thelathini na sita, mwanamume wewe, na ulikaa pale unakunja kofia mke wako anaitwa mchawi!"

"Funga mlango, nakuomba."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake. Mama Birika akaufunga. Giza likabaki na mstari mmoja wa mwanga chini ya mlango, na tii, tii, tii.

"Nilitaka wavunje birika," Mzee Spana akasema. "Wavunje, waridhike, waende zao. Birika halina roho. Nilijua wakishalisafisha birika watazifikia koki. Na wakizifikia koki watalitafuta sanduku."

"Sanduku lina nini?"

Akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa, ina harufu ya misumari.

"Juzi nilikuwa natafuta mahali pa kuweka misumari yangu. Nikaikuta chini kabisa. Mimi nilipewa koki mkononi nikafunga, sikuiona hii. Naapa sikuiona."

Mama Birika akainama kwenye ule mstari wa mwanga. Akasoma kwa kidole, neno moja moja.

KOKI ZA BUSTANI. ZISITUMIKE KWA MAJI YA KUNYWA.

Kidole kikashuka chini.

Umepokelewa na kukaguliwa na:

Na hapo palikuwa na kibirika. Kidogo, mdomo mrefu, mistari mitatu ya mvuke.

Siku yote ile ikamrudia. Vikombe sitini vimepangwa, mikono yake imelowa, wageni wanangoja chai, na Mwenyekiti anampungia kutoka mlangoni: saini upesi, mama, utepe unangoja! Alisaini haraka ili chai ya watu isipoe. Doa la kidole kilicholowa bado lilikuwepo pembeni ya mvuke.

Hakuwa amesoma hata neno moja.

"Ungeniambia," akasema.

"Ningekuambia, ungelala? Birika nimelichukua niiloweke karatasi humo."

Nje, Mwenyekiti alikuwa anapiga meza kwa mpini wa nyundo. "Karatasi ya sanduku! Nasema aliyesaini atajulikana leo!" Na Bi Redio: "Dada, wanasikia sauti. Inatoka nyuma. Ngoja nisogee."

Nyayo zikaanza kuja. Nyingi.

Mama Birika akaitazama karatasi. Akalitazama birika. Mdomo wake ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na maji ya kutosha kulowanisha wino wa kalamu yoyote.

Akaikunja karatasi mara moja. Akamtazama mumewe na tambara lake kichwani. Akaikunja mara ya pili.

Tii. Tii. Tii.

Mlango ukafunguka. Aliyesimama mbele ya watu wote alikuwa Bi Vipimo, koti jeupe, mkono ameunyoosha.

"Mama," akasema, "nipe."

Wala hakusema kama anataka birika, au anataka karatasi.